Aya Mbili Nilizozifuta

Ipo siku moja isiyonitoka akilini, na kila ninapoikumbuka huanza na baridi yake. Ukungu wa Dundori ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya nyumba ya Shosho Nyambura. Ilikuwa saa nne asubuhi, na sisi wanakwaya tulisimama uani tukipulizia vidole ili viweze kushika karatasi. Karatasi hizo zilikuwa na wimbo wangu. Mwanangu, nataka nikueleze nilichokifanya kwenye karatasi hizo, kwa sababu juzi, baada ya mazoezi ya kwaya yetu, uliniletea zaburi uliyoitungia muziki, nikaona ndani yake mkono wangu wa zamani.

Nakuita mwanangu, na usicheke. Najua sina mvi. Kiprotich wa sauti ya tatu hunitania mpaka leo kwamba mimi ni shosho, bibi kizee wa miaka thelathini na nne. Lakini aliyeanguka shimoni juzi anaweza kumwonya anayekuja leo, hata kama hawajapishana sana umri. Shimo haliulizi kitambulisho.

Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi nyumbani na shahada ya falsafa, kitu ambacho hapa kwetu hakipandwi wala hakivunwi. Nilitafuta kazi Nakuru mjini mwaka mzima bila kuipata. Asubuhi nilimsaidia mama kukamua, na saa zilizobaki nilibishana. Nilibishana na padri juu ya mateso, na baba juu ya mbegu, hata na methali zenyewe. Mtu akisema haraka haraka haina baraka, mimi namuuliza: na ng'ombe akivimba tumbo, tukae tungoje baraka? Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na hiyo ndiyo methali pekee niliyoikubali bila swali.

Imani yangu wakati huo ilikuwa imebaki kama kile kipande cha mwisho cha sabuni, kinachoteleza ukitaka kukishika. Lakini kuimba nilikupenda. Mzee Karanja, katekista wa kigango chetu, ndiye aliyenifundisha do-re-mi nikiwa darasa la nne, akichora nota kwa kijiti mavumbini. Masikio yake yalipoanza kumchosha, aliniita anikabidhi kwaya.

"Mzee," nilimwambia, "mimi siamini kila kitu mnachoimba."

"Sikukuuliza unaamini nini, Wambui. Nimekuuliza kama unaweza kusikia sauti ya pili ikiteleza."

"Hiyo naweza."

"Basi Jumamosi saa nane. Na usichelewe kama wale wasomi."

Ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa kwaya. Haikupita muda nikaanza kutunga, hasa wimbo wa katikati, ile zaburi inayoimbwa baada ya somo la kwanza. Unajua kazi yake ilivyo: maneno yapo tayari, na yamekuwapo kabla ya babu wa babu yako. Wewe unatafuta tu njia ya kuyapitisha kooni. Kiitikio kiwe chepesi ili watu wote wakishike, na mashairi yabebwe na kwaya. Nilidhani kwamba kwa kuwa maneno si yangu, hatari ni ndogo. Kumbe hapo hasa ndipo palipokuwa na hatari.

Shosho Nyambura aliimba sauti ya pili. Hakusoma nota hata moja. Alijifunza kwa sikio, na akishajifunza hasahau, kiasi kwamba wenzake wote wa sauti ya pili walimngoja yeye aanze ndipo nao waingie. Alilima viazi, waru kama tunavyoviita, kwenye ekari moja chini ya barabara, na binti yake, Wairimu, alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Miezi saba simu ya Wairimu ilikuwa kimya. Jumuiya yetu ilipopanga misa nyumbani kwa Shosho ili kumwombea binti huyo, alinijia langoni kwetu akiwa na jembe begani.

"Mwalimu, kuna ile zaburi ya mpaka lini."

"Ya kumi na tatu?"

"Nambari mimi sijui. Ile mtu anamuuliza Mungu atamsahau mpaka lini. Mama yangu alinifundisha tukipalilia, nikiwa msichana. Nitungie hiyo. Na usiiweke juu sana, mimi si ndege."

Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Kati ya zaburi zote alikuwa amenichagulia moja yenye maswali! Nilikwenda nikaisoma mara nyingi. Ni fupi, ina aya sita tu. Katika nne za kwanza mtu yule anauliza na kusihi. Kisha, katika mbili za mwisho, bila maelezo yoyote, anageuka anasema kwamba anatumaini na kwamba ataimba. Hapo nikakwama. Nani alimjibu? Nilichungulia kati ya aya ya nne na ya tano nikitafuta habari njema, sikuona hata salamu. Kwa mtu aliyesoma mantiki, ule haukuwa mwendo, ulikuwa mruko.

Nikazifuta zile aya mbili.

Sikuzifuta kwa uvivu, mwanangu, na hilo ndilo linalouma. Nilizifuta kwa heshima. Nilijiambia sitamtia kinywani mama asiyejua mtoto wake analala wapi maneno ya shukrani ambazo hana. Nilijiambia kwamba hata kitabu cha masomo huruka aya kila Jumapili na hakuna anayelalamika. Nikaupeleka wimbo wangu ukafikia kilele kwenye swali: sauti zinapanda moja baada ya nyingine, mpaka lini, mpaka lini, kisha sauti ya kwanza inabaki ikining'inia kwenye nota ya ti. Na unaijua ti. Ni mtu aliyeweka mguu mmoja kizingitini, anataka kuingia do, na mlango haufunguliwi. Nilijiona nimetunga kitu cha kweli kuliko zaburi yenyewe.

Tulipofanya mazoezi, Kiprotich alitazama juu kwenye taa. "Teacher, imeisha ama stima zimepotea?"

Watu wakacheka.

"Imeisha," nikasema. "Hiyo ndiyo maana yake."

"Sawa tu. Lakini mimi umeniacha juu ya mti na ngazi umeondoka nayo."

Wakacheka tena, nami nikacheka kama mtu anayewahurumia wasioelewa. Shosho hakuwapo. Jumamosi zote mbili za mazoezi alikuwa Nairobi, akizunguka kwenye ofisi ya wakala aliyempeleka Wairimu. Alijifunza kiitikio kutoka kwangu kando ya shamba lake, kwa dakika kumi hivi, na mashairi nikamwambia atatufuata.

Basi tulisimama pale uani kwenye ukungu. Somo likasomwa, nikainua mkono. Tuliimba vizuri, siwezi kukudanganya. Hata watoto waliokuwa wakifukuzana nyuma ya boma la ng'ombe walitulia. Tukafika kileleni, ti ikaning'inia, nikafunga kiganja, na kwaya ikaketi kwenye mabenchi.

Shosho Nyambura hakuketi.

Alibaki amesimama peke yake, kitambaa chake cheupe kichwani, mdomo ukiwa wazi kidogo kama wa mtu anayesubiri zamu yake. Alikuwa akingoja zaburi iendelee. Alijua haijaisha, kwa sababu tangu akiwa msichana hakuwahi kuiacha mahali pale. Aliniangalia mimi, akatazama karatasi ya jirani yake asiyoweza kuisoma, akaniangalia tena. Padri naye alingoja, akidhani kuna shairi lingine. Kiprotich, ambaye kazi yake ilikuwa kuanza Aleluya, alimtazama Shosho akasahau kuanza. Mwishowe padri akasimama mwenyewe, watu wote wakasimama kwa ajili ya Injili, na Shosho akapotea katikati ya waliosimama.

Baada ya misa alitupakulia mukimo na chai. Alipofika kwangu akanijazia kikombe mpaka juu.

"Mwalimu, mlimaliza?"

"Tulimaliza, Shosho."

"Haya," akasema, akaenda kwa mtu mwingine.

Heri angenitukana. Nimewahi kushindwa mijadala mbele ya maprofesa nikalala usingizi mzuri, lakini "haya" ile nilitembea nayo kilima kizima mpaka nyumbani.

Siku mbili baadaye Mzee Karanja aliniita nimsaidie kuchambua waru za mbegu. Tulikaa ghalani kwake mlango ukiwa wazi, yeye kwenye kigoda, mimi juu ya gunia. Nilijua kilichoniita pale, nami sikutaka kuwa wa kwanza kukitaja.

"Zile aya mbili uliziacha kwa nini?"

"Kwa sababu sikuziamini."

"Nani alikuuliza?"

Nilikasirika. "Mzee, ulitaka nidanganye? Yule mama hajui mtoto wake kama ni mzima. Nimpe wimbo wa shangwe aimbe?"

"Ulimuuliza kama anautaka?"

Niliokota waru nikaigeuza mkononi kana kwamba ina ugonjwa.

"Mtu akikuletea kiondo umshonee mkanda," akasema, "humrudishii kiondo kisicho na kitako. Nyambura alikuletea zaburi nzima. Ameibeba toka utotoni. Wewe ukaona hii sehemu hapa mimi siipendi, ukakata. Wimbo wa kanisa si shajara yako, Wambui."

Kisha akaacha kuchambua. "Unakumbuka mke wangu alipofariki?"

"Nilikuwa kidato cha pili."

"Na kwaya niliendelea kuongoza. Sasa niambie, ulinisikia nikiimba?"

Nilifikiri. Nikauona mkono wake ukipiga mapigo, na uso wake, na mdomo uliofungwa. Sisi watoto tulidhani amenyamaza ili asikie anayekosea. Tulimwogopa sana kwa sababu hiyo.

"Miaka miwili," akasema. "Nikifika mahali pa kushukuru, koo inakataa. Mkono unaendelea, mdomo unafunga. Na nyinyi watoto mnaimba, hata hamjui mnaimba nini, mnafikiria mandazi. Mlinibebea miaka miwili yote. Na siku koo ilifunguka, nilikuta maneno bado yako pale pale nilipoyaacha. Kama ningekuwa nimeyafuta, ningeyapata wapi?"

Methali ile ya kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi nilikuwa nimeidharau tangu shuleni. Niliona inasema tu kwamba watu hawajali, wanaona mizigo ya wenzao ni myepesi. Ghalani mle nilielewa upande wake wa pili. Kama mzigo wako kwangu ni mwepesi hivyo, basi mimi ndiye ninayeweza kukusaidia kuubeba.

"Ukifika mahali huwezi," Mzee Karanja akamalizia, "nyamaza. Hakuna mtu atakukataza. Lakini usifute." Akarudi kwenye waru zake. Akaongeza, bila kuinua macho, "Na ile ti yako, usiitoe. Acha iume. Ila tu usitulaze hapo."

Nilidhani sasa kazi ni rahisi: kurudisha aya mbili, basi. Nilizitungia ngoma na kayamba. Nilipoimba mwenyewe jikoni zilisikika kama mtu anayecheka matangani. Nilizitungia tena taratibu, kwa masikitiko, zikawa zinaomba radhi. Ilinichukua karibu juma zima kukubali kwamba sijui maneno yale husemwa na mtu wa namna gani. Ndipo nikachukua jembe nikaenda kwa Shosho. Alikuwa akichimba waru.

Nikamwomba msamaha. Akacheka. "Na mimi nilidhani umesahau karatasi nyumbani! Nikasema, hawa watoto wa siku hizi."

"Shosho, hebu nisemee zile za mwisho. Kama mlivyokuwa mkisema na mama yako."

Hakusimama. Aliendelea kuchimba, mgongo umeinama, na maneno yakatoka kwa mapigo ya jembe. Hayakupanda hata kidogo. Yalikwenda chini chini, kwenye nota tatu nne tu, na kila sentensi iliisha pumzi ilipoisha. Hakukuwa na shangwe, wala huzuni kwa kweli. Ilikuwa sauti ya mtu anayefanya kazi ambayo lazima ifanyike, na mvua iko njiani. Nilikuwa nimezisoma aya zile kama taarifa ya jambo lililokwisha kutokea. Kumbe kwake zilikuwa kazi, za kufanywa upya kila siku.

Basi niliandika hivi. Baada ya ti, kwaya nzima inanyamaza kwa muda wa pumzi moja. Kisha sauti ya pili peke yake, kule chini ambako hata mwenye makamasi ya kulia anafika, inaanza: hata hivyo nitaimba. Sauti nyingine zinaingia moja moja kuitegemeza. Na mwisho nikauweka kwenye mi badala ya do. Pale hujaingia ndani kabisa, lakini angalau umepata pa kuketi. Nami nikajiahidi kwamba tukifika hapo nitaongoza kwa mkono tu. Ruhusa ya kunyamaza nilikuwa nimepewa.

Jumapili tuliyouimba kanisani, Shosho aliketi amejikunja kwenye shali yake. Jana yake alikuwa amempigia wakala, na nambari ile ilikuwa haipatikani tena. Aliniambia mlangoni, kwa ufupi, kama mtu anayesema kuku ameliwa na mwewe. Tukaimba maswali. Tukapanda. Ti ikaning'inia. Nikafunga kiganja, pumzi moja ikapita, nikamwonyesha Shosho kwa mkono.

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Wenzake wa sauti ya pili walimngoja, maana ndivyo walivyozoea. Pumzi ya pili ikapita. Kanisa zima lilikuwa kimya, mkono wangu uko hewani. Kwenye benchi la mbele Mzee Karanja alikuwa ameketi, naye hakumtazama Shosho. Alinitazama mimi.

Mwanangu, niliimba. Mimi, niliyekuwa nimeapa kunyamaza. Niliimba maneno yale, hata hivyo nitaimba, chini chini, sauti ikitetemeka kuliko ya mwanakwaya mgeni. Kwenye sentensi ya pili wenzake wakaingia. Kwenye ya tatu nikamsikia Shosho, kidogo sana, ameegemea sauti yangu kama mtu anayepanda ngazi akishika bega la mwingine.

Utaniuliza, maana nakujua, kama wakati ule niliamini. Sijui. Najua kwamba palikuwa na mahali pamoja wazi kwenye wimbo, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Wairimu hajarudi. Alipiga simu mara moja miezi kadhaa baadaye, kwa nambari ngeni, kama dakika mbili, akasema yu mzima, kisha kimya tena. Siwezi kukuambia kwamba wimbo ndio uliompigia simu. Nilisoma vya kutosha nisiseme hivyo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba Shosho sasa huuliza mpaka lini kwa sauti kubwa zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu anajua hatutamwacha hapo.

Sasa nirudi kwenye karatasi yako. Wewe hukufuta shangwe, umefuta malalamiko. Ulinieleza kwamba watu huja kanisani kufarijiwa, na kwamba aya za kilio zinaharibu mdundo. Mimi nilikata mwisho, wewe umekata mwanzo, lakini mkasi ni ule ule. Jumapili tutakapoiimba, nyuma ya nguzo, atakuwepo mtu aliyekuja na aya uliyoikata, na hatathubutu kukuuliza. Atasema "haya" tu, aende zake.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Uliza maswali yako yote, wala mtu asikutishe. Bishana na zaburi mezani, bishana nayo ukikamua, iandikie pembeni kwa kalamu nyekundu. Lakini unapoitungia muziki, itunge nzima. Mahali usipoweza kuimba, nyamaza, wala usione aibu. Na mahali hapo hasa weka nota za chini, rahisi, zinazofikiwa na koo lililochoka, kwa sababu hujui ni koo la nani litahitaji kupita hapo, na huenda likawa lako. Kabla ya kuandika, nenda ukamsikie mwenye kuyasema maneno hayo akiwa kazini kwake, jembe mkononi.

Mungu, ambaye pengine yuko karibu nawe kuliko ninavyomsikia mimi, akupe sikio jepesi na mkono mzito wa kufuta. Nyimbo zako zidumu midomoni mwa watu wasiojua jina lako. Na sauti yako itakapokatika, maana itakatika, asikosekane wa kuimba pale ulipoishia. Na Jumapili ukisikia kimya kimezidi pumzi moja, mwanangu, usinitazame mkono. Anza.